Tukitengeneza Nyumba: Tununue Nini, Tuache Nini?

Ndugu mfanyakazi, nawe mama wa nyumba,

Pesa kidogo ikipatikana, wengi wetu tunafikiri kutengeneza nyumba. Mmoja anaondoa majani ya paa na kuweka manjanja. Mwingine anamwaga simenti chini, au anaongeza chumba cha watoto. Ni jambo jema. Lakini mara nyingi kitu cha kwanza kinachonunuliwa ni kile ambacho jirani atakiona: radio kubwa, televizyo, viti vya kitambaa. Kitu cha jikoni na kitu cha nyuma ya nyumba vinaachwa mwisho. Na hivyo vya mwisho ndivyo vinavyoleta wagonjwa kwenye kituo cha afya.

Wazee wanakumbuka wakati wa SOMINKI, kampuni iliyoundwa mwaka 1976 kwa kuunganisha kampuni tisa za madini za Kivu na Maniema, ikafutwa mwaka 1997. Nyumba za kambi zilikuwa za kampuni, na fundi wa kampuni ndiye aliyekuja kutengeneza. Leo huku Omate kila mtu ni bwana wa nyumba yake na fundi wake pia. Ananunua sokoni Mubi au Njingala, au anaagiza Goma, Bukavu, Kisangani. Lori ikifika mwisho wa barabara, mzigo unapanda mgongoni mwa mtu. Kitu kibaya ukikileta mpaka hapa, hutakirudisha dukani. Basi inafaa kukifikiri mapema.

Katika mafundisho haya tutaangalia vitu vinavyowaka na vitu vinavyobeba umeme. Kwa kila kimoja tuulize swali moja: kinatoa nini ndani ya nyumba yangu?

JIKO

Nyumba nyingi kwetu zinapika kwa kuni juu ya mawe matatu, kwa sababu msitu uko karibu. Wengine wanatumia babula ya makala. Mama anayepika maharagi na sombe anakaa saa tatu au nne karibu na moto, na mtoto mdogo yuko mgongoni. Moshi ule unaingia katika mapafu mawili kwa mara moja. Mume wake ameshinda shimoni akivuta vumbi la mawe. Akirudi na kukaa penye moshi, mapafu yake hayapumziki hata usiku. Ndiyo sababu tunasema kitu cha kwanza cha kununua ni jiko, wala si radio.

Kama unapika kwa kuni, usitafute jiko la duka. Jenga meko ya udongo au matofali, imefungwa pande tatu, yenye bomba la kutolea moshi lililopita juu ya paa. Bomba likiishia chini ya paa, moshi unarudi ndani. Pahali bomba linapogusa majani au mbao, acha nafasi, uzungushe udongo au bati, kwa maana nyumba nyingi zimeungua hapo. Kuni zikauke chini ya kibanda kabla ya kutumiwa. Kuni mbichi zinatoa moshi mwingi na moto kidogo, hata meko ikiwa nzuri namna gani.

Kama unapika kwa makala, tafuta babula yenye udongo wa kuchomwa ndani ya chuma. Namna hii ilienezwa Kenya tangu mwanzo wa miaka ya 1980, na leo mafundi wa miji mingi ya Afrika ya Mashariki wanaitengeneza. Udongo unashika joto, na makala inayotumika inapungua kwa theluthi moja au zaidi kuliko babula ya chuma tupu. Ukiwa dukani, fanya hivi: gonga udongo kwa kidole. Ukilia kama sahani nzima, ni mzuri. Ukilia bubu, una ufa. Angalia mlango mdogo wa hewa: ufunguke na ufunge vizuri, kwa sababu huo ndio unaokusaidia kupunguza moto. Kisha weka juu yake sufuria ya kipimo unachotumia nyumbani, na uisukume kwa mkono kama mtu anayesonga bugari. Babula ikiyumba, iache. Babula nzuri ya watu watatu inakuwa hatari ikibebeshwa sufuria ya watu kumi. Watoto wengi walioungua waliungua kwa maji ya bugari.

Mtoto akiungua, mwagia pale palipoungua maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usipake dawa ya meno, wala mafuta, wala mavi ya ng'ombe. Kisha mpeleke kwenye kituo cha afya.

Neno moja kuhusu sufuria. Zile nzito zinazotengenezwa kwa kuyeyusha vipande vya mashine na mabati ya zamani ni za bei ndogo, lakini fundi hajui kila kitu alichokiyeyusha. Utafiti uliofanywa Kameruni mwaka 2014 ulikuta risasi ikitoka katika sufuria za namna hiyo na kuingia katika chakula. Risasi inaharibu akili ya mtoto polepole. Kwa chakula chenye nyanya au ndimu, na kwa uji wa watoto, tumia sufuria ya kiwandani.

Je, gesi ya chupa? Ni safi kuliko makala. Lakini uliza kwanza: chupa ikiisha, nitaijaza wapi? Kama jibu ni mwendo wa siku nyingi, jiko lile litakuwa pambo la nyumba.

GESI ISIYO NA HARUFU

Watu wa Sake na Goma wanajua mazuku, ile gesi inayotoka ardhini na kukaa katika mabonde na mashimo. Mbuzi anashuka kula majani, hapandi tena. Gesi ile ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inalala chini.

Babula inatoa gesi nyingine, na inafaa tusizichanganye. Makala ikiwaka pahali pasipo hewa ya kutosha inatoa monoksidi ya kaboni. Hii hailali chini. Inaenea chumba kizima, chini na juu, hata kitanda kirefu hakikuokoi. Haina rangi, haina harufu. Makala ikiwa nyekundu bila moshi, mtu anafikiri hatari imekwisha, kumbe ndipo inapoendelea. Gesi hii inashika damu kwa nguvu mara 200 na zaidi kuliko hewa safi tunayoihitaji, na damu iliyoshikwa haiwezi tena kulisha ubongo wala moyo.

Wenye kutoka milima ya Masisi wana desturi ya kuingiza babula chumbani kwa sababu ya baridi. Huku kwetu sababu ni mvua: nguo za kazi hazikauki, basi mtu anaweka babula katikati ya chumba, anatundika nguo, anafunga mlango, analala. Ndugu, vaa nguo mbichi. Nguo mbichi haijaua mtu usiku mmoja.

Kuna jambo linalopoteza watu. Dalili za gesi hii ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika, miguu kulegea. Tunasema mara moja: ni malaria. Basi jiulize: je, watu wote wa nyumba wameamka na kichwa asubuhi moja? Je, kichwa kinapungua ukikaa nje, kinarudi ukiingia? Je, hakuna homa? Hapo usimeze vidonge ukalala tena. Toa watu wote nje, toa moto, na aliyezimia apelekwe kwa muganga haraka. Anayeingia kumtoa mwenzake afungue mlango na madirisha kwanza, wala asikae ndani kutafuta vitu.

Jenereta inatoa gesi hiyo hiyo, na kwa wingi zaidi. Tumeona watu wakiifungia jikoni au kwenye chumba cha nyuma ili isiibiwe, na kelele isisikike. Jenereta ndogo ndani ya nyumba inaweza kuua familia kabla ya mpira kwisha kwenye televizyo. Mlango uliofunguliwa hautoshi. Iweke nje, mbali na madirisha, bomba lake likielekea pasipo na nyumba. Unaogopa wezi? Nunua mnyororo na kufuli siku ile ile unaponunua jenereta, na uhesabu bei yake ndani ya bei ya jenereta. Wenzetu wanaoshusha motopompi ndani ya shimo wasome maneno haya mara mbili, kwa kuwa shimo ni chumba kisicho na dirisha.

ZEBAKI HAIINGII NYUMBANI

Pengine utasema: tunazungumza vyombo vya nyumba, zebaki imeingia wapi? Inaingia kwa sababu ya sufuria, sakafu na mbao.

Pahali wachimbaji wanapokamata dhahabu kwa zebaki, ile tunayoiita pia merkire, kuna anayechukua kile kidonge cha dhahabu na zebaki akakichoma jikoni kwake. Jikoni pana moto tayari, pana mlango wa kufunga, hakuna atakayeona. Zebaki inapanda kama mvuke usioonekana. Inagusa manjanja na kuta, inapoa, inashuka kama vumbi juu ya vyombo, nguo na unga. Nyingine inaingia katika udongo wa sakafu, na siku za joto inatoka tena polepole. Mtoto anayetambaa ndiye aliye karibu nayo kuliko wote. Mama mwenye mimba anavuta kwa ajili ya wawili, na mtoto wa tumboni anaumia kabla hajaona jua.

Mtu aliyevuta zebaki siku nyingi mikono inamtetemeka, usingizi unamkimbia, anasahau, anakasirika bure, ufizi unavimba. Watu wanasema amezoea pombe. Anayevuta nyingi kwa mara moja anakohoa na kifua kinabana, na anaweza kufa.

Dunia ilijifunza ubaya wa zebaki kule Minamata, Japani. Mwaka 1956 waganga waliandika wagonjwa wa kwanza, watu waliokula samaki wa ghuba ambamo kiwanda kilikuwa kinamwaga taka zenye zebaki. Mkataba wa mataifa juu ya zebaki, uliokubaliwa mwaka 2013, unaitwa kwa jina la mji huo, na unataja kuchoma zebaki na dhahabu pahali watu wanapokaa kuwa moja ya desturi mbaya za kukomeshwa.

Basi, unapotengeneza nyumba: usinunue mbao, madirisha wala manjanja yaliyobomolewa katika nyumba ambamo dhahabu ilichomwa. Bei itakuwa ndogo, lakini mbao inakunywa zebaki na haioshwi. Kama jiko lako la zamani lilitumika kwa kazi hiyo, usimwage simenti juu kabla ya kuondoa udongo wa juu na kuuzika mbali na maji. Sufuria au karai iliyogusa zebaki haiwi tena ya chakula, hata ikisuguliwa na mchanga mara kumi. Chupa ya zebaki haikai chini ya kitanda. Ikimwagika, usiifagie, kwa sababu ufagio unaigawa vipande vidogo zaidi. Ondoa watoto, fungua mlango, ikusanye kwa karatasi ngumu mpaka kwenye chupa yenye maji na kifuniko. Anayelazimika kuchoma afanye mbali na nyumba zote, ndani ya chombo kilichofungwa chenye bomba la kurudisha zebaki. Chombo hicho kinapunguza mvuke na kinaokoa zebaki yenyewe, kwa hiyo hata mwenye kupenda franga zake atakipenda.

Na wale mama wanaotwanga mawe ya dhahabu nyumbani: kinu cha mawe kisiwe kinu cha sombe, na mawe yatwangwe nje, yakiwa yameloweshwa maji. Vumbi la jiwe jeupe linakaza mapafu, na mapafu yaliyokazwa hayarudi.

TAA NA UMEME WA JUA

Taa ya petroli imepungua siku hizi, lakini bado iko. Hapa pana mtego wa maneno. Kwetu Kongo, petroli ni mafuta ya taa. Mafuta ya pikipiki tunayaita esansi. Kwa ndugu zetu wa Uganda na Kenya, petroli ndiyo hiyo esansi. Bido lililotoka mpakani likiandikwa jina lile linaweza kuwa na kitu kingine kabisa, na esansi katika taa inalipuka usoni. Wafanyabiashara wengine wanachanganya makusudi. Ukinusa harufu ya pikipiki, usiwashe. Wala usitie petroli katika chupa ya Fanta. Mtoto akiinywa, usimtapishe, maana ikipanda itaingia katika mapafu; mkimbize kwa muganga.

Paneli ya jua na taa ndogo za LED ni bora kwa kila njia. Lakini watu wananunua bila kuhesabu, halafu wanasema jua la Walikale ni dhaifu. Tuhesabu pamoja. Taa 3 za wati 5, kila moja saa 5: ni 75. Radio ya wati 5 kwa saa 6: ni 30. Kuchaji simu mbili: karibu 20. Jumla ni 125 kwa siku. Katika nchi yetu ya mawingu, tuseme tunapata saa 4 za jua zuri. Paneli ya wati 50 itatoa 200, na baada ya kinachopotea njiani tunabaki na kama 150. Inatosha. Batri ya volti 12 na ampea-saa 50 inashika 600, lakini batri ya risasi isishushwe chini ya nusu, basi una 300: siku mbili za mvua. Sasa ongeza televizyo ya wati 40 kwa saa 4. Hiyo peke yake ni 160, kuliko vyote vya kwanza. Pasi ya umeme ya wati 1,000 kwa nusu saa ni 500. Pasi ya makala iendelee na kazi yake, nje ya chumba cha kulala.

Usiamini karatasi iliyobandikwa nyuma ya paneli. Paneli nzuri ya wati 100 inahitaji karibu nusu ya mita ya mraba, yaani kama mlango mdogo wa kabati. Ukionyeshwa kitu cha ukubwa wa daftari kilichoandikwa wati 100, mcheke muuzaji uende zako.

Batri ya gari haikutengenezwa kwa taa za nyumba. Inapenda kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, na ukiishusha kila usiku inakufa haraka. Tafuta ile ya jua, au ya lithiamu kama mfuko unaruhusu; tena ni nyepesi, jambo kubwa kwa anayebeba mgongoni. Nunua pia kile kisanduku kinacholinda batri isijae kupita kiasi wala isishuke mno, regulata, na fyuzi ya kuweka karibu kabisa na batri kwenye waya wa chanya. Fyuzi ni kitu kidogo kama kidole. Bila hiyo, waya zikigusana, waya nzima inakuwa nyekundu ndani ya ukuta wa mbao. Msumari hauwi fyuzi. Waya iwe nene, kwa kuwa umeme wa volti 12 unabeba ampea nyingi. Waya nyembamba ya spika inapata moto na taa inakuwa hafifu.

Batri ya maji ya asidi inapochajiwa inatoa gesi inayolipuka kwa cheche moja. Haikai chumbani. Itengenezee sanduku la mbao lenye matundu juu, nje chini ya baraza, na kufuli kwa ajili ya watoto. Asidi ikiingia jichoni, osha kwa maji mengi muda mrefu kabla ya kwenda popote. Batri iliyokufa usiivunje kutafuta risasi ya nyavu.

Tena kuna radi. Utafiti wa satelaiti uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba baada ya ziwa Maracaibo la Venezuela, pahali panapopata radi nyingi kuliko pote duniani ni Kabare, kwa majirani zetu wa Kivu ya Kusini. Na Sake iko katika zile kumi za kwanza. Basi paneli isiwekwe juu ya mti mrefu au nguzo inayopita nyumba zote. Mvua ikianza kunguruma, chomoa waya ya paneli na ya antena, usishike simu iliyo kwenye chaji.

MANJANJA NA SIMENTI

Hapa tutakwenda upesi. Namba ya manjanja inapokuwa ndogo, bati ni nene: 28 ni nene kuliko 32. Uliza namba, na uikunje kona moja kwa vidole. Bati linalokunjika kama karatasi litapeperuka. Ukiweka manjanja badala ya majani, moshi hautapita tena katika paa kama zamani, kwa hiyo acha matundu chini ya paa jikoni, yazibwe kwa wavu wa mbu. Na kama unanunua nyumba ya zamani yenye paa la eternit, usilikate kwa msumeno wala kulivunja: linaweza kuwa na amianti, na vumbi lake linaleta kansa ya mapafu. Lishushwe likiwa zima, limeloweshwa.

Simenti ni mfuko wa kilo 50, na kila mmoja unakula franga nyingi za mbebaji. Ikiwa mifuko ni michache, anza na sakafu ya jikoni na ya pale watoto wanapolala.

Kabla mbebaji hajafunga mzigo, fungua katoni mbele ya muuzaji. Washa taa zote. Mwambie apime paneli juani kwa mita yake: ile ya volti 12, bila kufungwa na kitu, ionyeshe kati ya 18 na 22. Tikisa batri usikie kama kuna kitu kilichovunjika ndani. Andika tarehe na jina la duka juu ya risiti, uiweke pamoja na kadi ya chanjo ya watoto, kwa sababu hiyo mama haipotezi kamwe.